Gharama ya Mnara wa Mbali: Jinsi Mtandao Hafifu Unavyomaliza Chaji

Simu isipokaa na chaji, lawama huwa ni kwa betri au kwa aliyeiuza. Fundi ataambiwa abadilishe betri, mwenye duka ataitwa tapeli, kijana wa nyumbani ataulizwa alikuwa anacheza michezo gani usiku. Mtandao hautajwi. Kumbe simu ile ile, yenye betri ile ile na mtumiaji yule yule, inaweza kukaa siku mbili katika mtaa ulio karibu na mnara, na isimalize mchana mmoja ikihamia kitongoji kilicho nyuma ya kilima. Kilichobadilika ni umbali kati ya simu na mnara, pamoja na kila kitu kilichosimama katikati yao.

Jambo hili linastahili kuchambuliwa kwa makini kwa sababu linawaumiza zaidi wasio na uwezo wa kulibeba. Mara nyingi mahali penye minara michache ndipo pia umeme haujafika, ndipo watu wanatumia simu zenye betri ndogo, na ndipo kuchaji kunalipiwa. Hoja yangu ni kwamba minara inapowekwa michache, gharama iliyookolewa haipotei. Sehemu yake inahamia kwenye betri ya mwananchi, naye anailipa kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, bila risiti.

Redio iliyomo ndani ya simu

Simu ya mkononi ni redio ya pande mbili: inapokea mawimbi kutoka kwenye mnara na kurusha ya kwake kuurudishia. Kupokea hula chaji kidogo. Kurusha ndiko kunakogharimu, na gharama yake haina kiwango kimoja. Tangu enzi za 2G mitandao ilijengwa ili mnara uiamuru simu ipunguze au iongeze nguvu kulingana na jinsi inavyosikika. Ni kama watu wawili wanaozungumza kutoka kingo mbili za bonde: wakisogeleana wananong'ona, wakiachana inabidi wapaze sauti, na mwenye kifua kidogo ndiye anayechoka kwanza.

Simu ya 2G katika masafa ya megahezi 900 inaweza kurusha hadi wati 2, na inaweza kushuka hadi karibu miliwati 3. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya mara mia sita ndani ya kifaa kimoja. Katika 3G amri za kuongeza na kupunguza nguvu hutolewa mara 1,500 kwa sekunde. Simu ya kawaida ya 4G haivuki miliwati 200, lakini nayo hupanda na kushuka vivyo hivyo.

Tena, nguvu inayotoka kwenye antena si nguvu yote iliyochotwa kwenye betri. Kikuza nguvu cha simu hupoteza nusu au zaidi ya umeme wake kwa njia ya joto. Ndiyo sababu simu hupata moto sikioni unapozungumza mahali penye mtandao wa kusuasua.

Hesabu ya kitochi, au mulika mwizi kama waitavyo Kenya, inaonyesha uzito wa jambo hili. Betri ya miliampea-saa 1,000 yenye volti 3.7 hubeba wati-saa 3.7. Simu ya 2G ikirusha kwa nguvu yote, hutumia nafasi moja kati ya nane za muda, hivyo wati 2 huwa wastani wa wati 0.25. Kikuza nguvu kikipoteza nusu, betri inatoa wati 0.5 kwa ajili ya kurusha tu. Hapo hatujahesabu spika, kioo na saketi nyingine. Karibu na mnara, sehemu hiyo ya matumizi hupungua mno, na kinachobaki ni chakula cha saketi zenyewe.

Umbali nao haudai nguvu kwa usawa. Katika uwanda mtupu, umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inayohitajika huongezeka mara nne. Penye miti, nyumba na vilima inaweza kufika mara kumi na kuzidi. Mnara una wati 20, 40 au zaidi za kurushia, una antena kubwa na unasimama juu. Simu ya 4G haina hata wati moja. Kwa hiyo kwenye ukingo wa eneo la mnara, anayezidiwa kwanza ni simu: unausikia mnara vizuri, mnara haukusikii.

Vijiti vya mtandao vilivyo juu ya kioo havielezi haya kwa uaminifu, kwa kuwa kila mtengenezaji hujipangia vijiti vitatu vianzie wapi. Kipimo cha kweli ni dBm, nacho kinapatikana katika mipangilio ya simu nyingi za Android, kwenye taarifa za laini. Namba zake ni hasi. Karibu na -70 mtandao ni mzuri. Karibu na -110 unaelekea kukata. Kila namba inaposhuka kwa 10, nguvu iliyokufikia imepungua mara kumi. Kati ya -70 na -110 pana tofauti ya mara 10,000, ilhali kwenye kioo vimepungua vijiti vitatu tu.

Kusubiri na kutafuta

Wengi huamini kwamba simu iliyo mfukoni imelala. Redio yake huamka kila baada ya sekunde moja au mbili, ikasikiliza kwa muda mfupi sana kama inaitwa, kisha ikarudi usingizini. Kusubiri kwa namna hii ni nafuu. Ndiko kulikoziwezesha simu za mwanzo za miaka ya 2000, zilizokuwa na betri zisizofika miliampea-saa 1,000, kukaa siku kadhaa mjini.

Taabu huanza simu inapopoteza mtandao kabisa. Sasa haina mnara wa kuiambia iamke saa ngapi, hivyo inaanza kupekua masafa yote inayoyajua: ya 2G, ya 3G, ya 4G, moja baada ya jingine. Isipopata hupumzika kidogo, kisha huanza upya. Simu nyingi hurefusha mapumziko hayo kadiri muda unavyopita. Ahueni hiyo ni ya mtu aliyetulia mahali pamoja. Anayesafiri hukutana na mtandao, akaupoteza, akaupata tena, na kila mara simu inaanza kutafuta kwa kasi ya mwanzo. Basi linalotoka Dar es Salaam kwenda Mbeya linapita mnara mmoja hadi mwingine, linakatiza mbuga ya Mikumi, linapanda milima ya Kitonga. Njiani simu inabadilisha minara, inajiandikisha upya katika kila eneo la mtandao, na inatafuta kila inapoingia bondeni. Abiria anashuka na asilimia 30 akishangaa, maana hakupiga hata simu moja.

Huku kwetu liko jambo linaloongeza mzigo: laini mbili. Mtu ana laini moja kwa sababu ya M-Pesa, nyingine kwa sababu ya bando nafuu au ndugu walio kwenye mtandao ule. Kila laini inasikiliza mnara wake. Zote mbili zikiwa na mtandao mzuri, gharama ya ziada ni ndogo. Hatari iko pale laini moja inaposhika na nyingine haishiki. Vijiji vingi vina mnara wa kampuni moja tu, na laini ya pili inakesha ikitafuta mnara ambao haupo. Mwenye simu anaona vijiti vimejaa upande mmoja na haoni sababu ya kuhofu. Huo ni uvujaji wa chaji ambao ni rahisi kuuziba, na ndio usiojulikana na wengi.

Mabati, matumbawe na maji

Mawimbi ya redio hayapiti kwenye chuma. Paa la bati huyarudisha juu, na nyumba hutegemea yanayoingia kwa madirisha na milango. Kibanda cha mabati pande zote ni kibaya zaidi, kwa sababu simu iliyo ndani inaweza kuwa mita mia chache kutoka kwenye mnara na bado ikarusha kwa bidii kubwa. Kuta nene za mawe ya matumbawe, kama zile za Mji Mkongwe wa Unguja na za Lamu, nazo hudhoofisha mawimbi. Makuti na miti myembamba huyapitisha vizuri zaidi, ingawa majani yaliyolowa mvua huyanyonya.

Masafa yenyewe hutofautiana tabia. Ya chini, kama megahezi 700, 800 na 900, hufika mbali na hupenya kuta kwa urahisi kuliko ya 1,800, 2,100 au 2,600. Ya juu hubeba data nyingi lakini huchoka mapema. Hii ni moja ya faida za kuhama kutoka televisheni ya analojia kwenda dijitali, zoezi ambalo Dar es Salaam lilianza kwa kuzimwa mitambo ya zamani tarehe 31 Desemba 2012. Masafa yaliyoachwa na televisheni ni miongoni mwa yale ya chini yanayoifaa simu ya kijijini.

Baharini na ziwani mambo ni mengine. Juu ya maji hakuna kilima wala nyumba, na mawimbi huenda mbali sana. Lakini 2G ya kawaida imewekewa ukomo wa kilomita 35, kwa kuwa mnara hupima muda ambao mawimbi ya simu hutumia kufika, na yakichelewa kupita kiasi hukosa nafasi yake. Mvuvi aliyevuka umbali huo anaweza kuona kijiti cha mtandao, akapiga, na simu ikajaribu tena na tena kwa nguvu zote bila kupokelewa. Chaji inaisha, na mawasiliano hayajapatikana.

Kutoka sauti hadi data

Wakati wa 2G matumizi yalikuwa rahisi kueleweka: ukizungumza, chaji inaliwa, ukinyamaza, inatunzwa. Data imevuruga hesabu hiyo. Picha moja ya WhatsApp ikitumwa, redio haizimiki papo hapo. Mtandao huiacha macho kwa sekunde kadhaa, mara nyingi kumi hivi katika 4G, kwa kutarajia kwamba huenda kuna kingine kinakuja. Programu zinazopeleka na kuleta vipande vidogo vya data kila baada ya dakika chache huifanya redio ishinde macho, hata kama data yenyewe haifiki megabaiti moja.

Mtandao ukiwa hafifu, hasara huzidishwa mara mbili. Kwanza, simu inarusha kwa nguvu kubwa. Pili, inarusha kwa muda mrefu, maana mnara na simu hulazimika kutumia lugha ya polepole isiyokosewa kirahisi, na vipande vilivyopotea hurudiwa. Nishati ni nguvu mara muda. Vyote viwili vikipanda, picha ile ile iliyotumwa mjini kwa sekunde mbili inakula kijijini chaji ambayo ingetosha picha nyingi.

Simu inayoyumba kati ya vizazi vya mtandao hupata hasara ya ziada. 4G ikiwa dhaifu na 3G au 2G ikiwa imara, simu huikimbilia 4G, huipoteza, hurudi chini, kisha hujaribu tena. Simu isiyoweza kupiga sauti kwa 4G hulazimika kushuka hadi 3G au 2G kila inapopigiwa. 5G, ambayo Tanzania na Kenya ziliizindua kibiashara mwaka 2022, nayo mara nyingi imejengwa juu ya 4G, hivyo simu huendesha mitandao miwili kwa wakati mmoja. Karibu na mnara kazi inaisha upesi na redio inalala. Pembezoni, mwenye simu ya 5G analipia teknolojia ambayo hainufaiki nayo.

Betri iliyochoka na mtandao unaosumbua

Betri za lithiamu huzeeka kwa kila mzunguko wa kujazwa na kuisha, na mizunguko mia tatu hadi mia tano inatosha kuonyesha upungufu. Simu inayomaliza chaji kwa nusu ya muda huzeesha betri yake kwa kasi mara mbili. Joto la kurusha kwa nguvu nalo huiharakisha.

Betri iliyozeeka huwa na ukinzani mkubwa ndani yake. Redio inapodai umeme mwingi kwa ghafla, volti hushuka na simu inazimika ingawa kioo kilionyesha asilimia 15 au 20. Wengi wamekutana na hili: simu inaonyesha chaji ipo, unapiga, inazimika. Mtandao mzuri ungeweza kuificha kasoro hiyo kwa miezi. Mtandao hafifu huifichua mapema, na familia inalazimika kununua betri mpya, mara nyingi ile ya bei ya chini ambayo itadumu kidogo kuliko ya kwanza.

Anayelipa

Tukiyaweka haya pamoja, mlipaji anaonekana wazi. Mkazi wa mjini ana umeme ukutani, na simu ikiisha mapema anaichomeka tena. Mkazi wa kijiji kisicho na umeme anatembea hadi dukani au kwenye kibanda chenye sola, analipa, anaiacha simu kwa saa kadhaa, anairudia. Simu ikidai kuchajiwa mara mbili ya kawaida kwa wiki, ni fedha mara mbili na ni muda mara mbili, na kwa mkulima muda huo ni wa shamba.

Madhara makubwa zaidi hayaonekani kwenye daftari la kibanda. Watu hujifunza kuzima simu. Huiwasha asubuhi na jioni, au wanapotaka kupiga wao. Takwimu za mtandao zitamhesabu mtu huyu kuwa amefikiwa, ana laini hai na anaishi ndani ya eneo la mnara, ilhali kwa sehemu kubwa ya siku hapatikani. Mnunuzi wa mazao anampigia na kumkosa, na mwanawe aliye mjini anamkosa vilevile. Fedha iliyotumwa ipo, lakini simu ya kuitolea imezima, na wakala hawezi kumsaidia.

Dharura ndizo zinazonitia uchungu zaidi. Mpango wa m-mama, unaosafirisha wajawazito na watoto wachanga walio hatarini nchini Tanzania, huanza kwa mtu kupiga namba 115 bila malipo. Magari yamepangwa, wahudumu wamefunzwa, namba ni ya bure. Mlolongo wote huo unaanza na simu yenye chaji saa nane za usiku. Tusiichukulie chaji kama usumbufu mdogo wa mtumiaji. Ni sehemu ya huduma.

Yaliyo mikononi mwa mtumiaji

Mahali pasipo mtandao kabisa, weka simu katika hali ya ndege au izime, kuliko kuiacha ikitafuta. Laini isiyoshika mtandao ulipo izimwe kwenye mipangilio, au itolewe hadi utakaporudi inakoshika. Palipo na 4G ya kubahatisha na 2G imara, mwenye haja ya kupigiwa tu achague 2G, naye ataona tofauti siku hiyo hiyo. Simu iwekwe dirishani au mahali pa juu, si chini ya mto wala ndani ya sanduku la bati. Ujumbe mfupi na menyu za nyota na reli, kama *150*00#, hutumia redio kwa muda mfupi kuliko simu ya sauti. Penye mtandao hafifu ndizo za kutanguliza. Data ya chinichini ya programu zisizo za lazima izuiwe.

Yapo pia ya kuacha. Kufunga programu zote kila baada ya dakika chache hakusaidii, kwa sababu kuzifungua upya hugharimu zaidi. Programu zinazojinadi kutunza betri haziwezi kuusogeza mnara. Vifaa vya kukuza mtandao vinavyouzwa kiholela vinaweza kuvuruga mawasiliano ya majirani, na matumizi yake yanahitaji idhini ya mamlaka.

Yaliyo mikononi mwa wenye mamlaka

Hila za mtumiaji zina mwisho. Tiba ya kweli ni mnara kusogea. Tanzania ina Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, na mwezi Mei 2023 ilitia saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 za vijijini. Kenya nayo ina mfuko wa aina hiyo. Ni hatua za kupongezwa. Lakini swali la kuuliza kwa kila mnara ni je, wakazi wataufikia kwa nguvu kiasi gani?

Ramani za mtandao kwa kawaida huonyesha mahali ambapo mawimbi ya mnara yanasikika nje ya nyumba. Tumeona kwamba ukomo halisi uko upande wa simu, tena ndani ya nyumba ya bati. Mamlaka za mawasiliano zinapima simu zilizokatika na kasi ya intaneti; zipime pia nguvu ambayo simu inalazimika kuitumia kurusha, na matokeo yatangazwe kwa kata. Kijiji ambacho simu zake zinarusha kwa kiwango cha juu muda wote kisihesabiwe kuwa kimeshahudumiwa.

Pili, masafa ya chini yapewe kipaumbele pembezoni, na leseni zake ziambatane na wajibu wa kuyatumia huko. Tatu, palipo na mnara mmoja, wateja wa kampuni zote waruhusiwe kuutumia, ili laini ya pili isikeshe ikitafuta. Kushirikiana minara kumeshazoeleka. Kinachobaki ni kushirikiana mawimbi. Nne, mnara wa kijijini tayari una umeme wake, wa sola au wa jenereta. Kutenga sehemu ndogo ya umeme huo kwa ajili ya kuchaji simu za wakazi kungerudisha kidogo ya kile wanacholipa.

Wapo wanaoukataa mnara kijijini kwa kuhofia mionzi. Hofu yao isikilizwe, na wajibiwe kwa ukweli huu: kifaa kinachorusha karibu na kichwa chao ni simu, na simu hupunguza nguvu kadiri mnara unavyokaribia. Mnara wa mbali huifanya simu ipaze nguvu zake zote sikioni.

Mtandao utakuwa umefika kijijini siku simu ya bei ndogo itakapoweza kukaa wazi, kutwa na usiku, bila kumfilisi mwenyewe. Hicho kiwe ndicho kipimo wanachopimiwa kampuni na serikali. Wananchi nao wana haki ya kukidai katika mikutano ya vijiji, kwa namba za dBm walizozisoma wenyewe kwenye simu zao.